Pua ya Lusweti

Mimi mtu akianza kumsema Lusweti vibaya mbele yangu, tunakosana hapo hapo. Kuna wanaosema alikuwa mwongo. Kuna wanaosema ati mimi na yeye tulikuwa na mambo yetu. Hao nawajua majina, nawajua na milango ya nyumba zao, na wakiendelea nitawapitia mmoja baada ya mwingine na mwiko wangu. Wewe kaa hapa, kunywa chai, nikueleze vile ilikuwa. Mimi ndiye nilikuwa pale.

Naitwa Benta, lakini kila mtu huniita Mama Clare. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa napika kantini ya kiwanda cha kujaza mitungi ya gesi, Industrial Area ya Nairobi. Natoka Mukuru kwa Njenga na miguu yangu, saa moja kamili niko getini. Kantini yenyewe ilikuwa mabati machache tu nje ya ukuta, kwa sababu ndani moto ulikuwa marufuku. Huko ndani ukipatikana na kiberiti mfukoni, unafutwa kazi kabla ya chai ya saa nne.

Lusweti alikuwa Mbukusu wa Bungoma, mwembamba, mrefu, mwenye pua iliyotangulia mwili mzima. Alikaa mtaa wa Mowlem na mkewe Nabiswa na watoto watano. Alianza kazi akibeba mitungi begani. Halafu siku moja, mwaka wa themanini na moja, akasimama katikati ya uwanja akasema, "Hapa panavuja." Wakamcheka. Fundi akaenda na brashi ya sabuni, akapaka pale Lusweti alipoonyesha, povu likaanza kuchemka. Kesho yake akapewa kazi moja tu: kunusa.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana watu wanadhani natania. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Huwa inatiwa dawa inayonuka kama kitunguu kilichooza, ili ikivuja mtu ajue. Tena ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, inatambaa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla valvu hazijafunguliwa, Lusweti alizunguka uwanja mzima ameinama, mikono mgongoni, pua usawa wa magoti, akipita bomba kwa bomba, kiungo kwa kiungo. Ukimwona mara ya kwanza ungedhani ameangusha shilingi. Akinusa kitu, anapiga alama ya chaki. Fundi anafuata na sabuni. Povu likichemka, panakazwa. Na alama ya Lusweti haikukosea hata siku moja, miaka kumi na miwili.

Wakampa jina, Pua. Hata meneja alimwita Pua. Kule Mowlem wanawake waliopanga ploti moja naye walikuwa wakimletea maziwa awaambie kama yatalala mpaka kesho. Alikuwa anaweza kusimama kwenye ngazi akakutajia kila nyumba inapika nini, na nani ameazima kitunguu kwa nani. Aki huyo mtu alikuwa na raha na pua yake! Alitembea nayo kama mtu amevaa koti jipya.

Halafu mwaka wa tisini na tatu akashikwa na homa. Homa mbaya, wiki tatu kitandani. Akarudi kazini amekonda, anacheka vile vile, anazunguka vile vile ameinama. Hakuna aliyejua kitu.

Mimi nilijua kwa sababu ya maharagwe. Nilikuwa nimeyaweka jikoni, nimefunika, nikamwambia Lusweti, "Baba Ayuma, niangalilie sufuria, naenda mfereji." Foleni ya maji ikanichelewesha. Nikiwa bado kule kwenye mfereji, hatua mia nzima, harufu ya kuungua ikanipata. Nikatupa ndoo nikakimbia. Nafika, namkuta amekaa kando ya jiko, miguu ameinyoosha, anatabasamu. Akaniambia, "Mama Clare, maharagwe yako yananukia vizuri leo."

Yananukia vizuri! Maharagwe meusi kama lami! Nilimwangalia. Nikachukua kitambaa cha kuwashia jiko, kimelowa mafuta ya taa, nikamwekea puani kabisa.

"Hii ni nini?"

"Kitambaa."

"Kinanuka nini?"

Akafikiria. "Kitambaa," akasema.

Basi mtu mzima akaanza kulia. Akanieleza kwamba tangu ile homa hasikii harufu ya kitu chochote, si sabuni, si samaki, si gesi. Miezi miwili alikuwa akizunguka uwanja akibahatisha, akipiga chaki kwenye viungo anavyojua ni vibovu. "Wakijua, kesho niko kwenye basi la Bungoma," akasema. "Nitawaambia nini watoto? Ati pua imeisha?"

Mimi moyo wangu ni mkubwa kuliko akili, hilo hata mama yangu alilisema. Nikamwambia, "Usilie. Pua ninayo mimi."

Tukala njama. Kila asubuhi Lusweti akizunguka, mimi nafuata nyuma hatua tatu na thamosi na kikombe, kana kwamba nampelekea chai. Nikisema, "Chai bado," panapita salama. Nikisema, "Chai iko tayari," anasimama, anainama zaidi, anavuta hewa kwa madoido, anapiga chaki. Na mimi pua yangu haikuwa mchezo. Miezi ya kwanza nilikuwa nacheka mpaka nashika ukuta. Mwanamume amepiga magoti, amefumba macho, ananusa bomba kwa heshima zote, na hasikii hata jasho lake mwenyewe!

Bila shaka watu waliona. Mwanamke anamfuata mwanamume kila asubuhi na thamosi, unadhani watasema nini? Uvumi ukatoka uwanjani, ukapanda basi, ukafika Mowlem. Siku moja Nabiswa akatokea kantini, kitambaa amekifunga kichwani kama mtu anayekuja vitani.

"Wewe ndiye Mama Chai?"

"Mimi ni Mama Clare. Karibu, kaa."

"Sikai! Nimekuja kukuambia, mume wangu ana chai nyumbani."

Nikaona hapa nitatoka bila meno. Nikamvuta kando nikamwaga mtama wote. Nabiswa akaanza kuhesabu vidole. "Kwa hivyo ndiyo maana siku hizi anakula omena," akasema. "Yule mtu alikuwa nikipika hao dagaa anahamia kwa jirani kwa ile harufu! Mimi nikadhani ameanza kunipenda upya." Tukaangaliana, tukaangua kicheko, tukashikana mabega pale. Siku iliyofuata aliniletea kuku wa kienyeji, mzima, amefungwa miguu. Tangu hapo tulikuwa watatu tunaojua.

Sasa twende Julai ya mwaka wa tisini na sita. Wewe unajua Julai ya Nairobi, baridi inaingia mpaka kwenye kucha. Kiwanda kizima kilikuwa na mafua, na mimi nikiwemo. Pua ilikuwa imeziba tangu Jumapili, upande mmoja kabisa, upande wa pili nusu. Nikawa namwambia Lusweti "chai bado, chai bado" kwa matumaini zaidi kuliko kwa harufu. Nilisema moyoni ni siku chache tu, itapita.

Jumatano meneja wetu, Bwana Obura, akatuita sote uwanjani. Obura alikuwa mtu wa tumbo na tai, mwenye sauti ya kanisani. Akasema makao makuu wanataka kutuletea kamera. Ati si kamera ya picha za harusi, ni kamera ya kuona joto na baridi. Gesi ikitoka kwenye bomba kwa nguvu hupoza pale inapotokea, na hiyo kamera inaona ile baridi hata kama jicho halioni kitu. Unaishika mkononi, unachungulia, unaona panapovuja.

"Lakini mimi nimewaambia," akasema Obura, akimwonyesha Lusweti kwa kidole, "sisi tuna Pua! Ijumaa inakuja hiyo mashine, tutaishindanisha na huyu. Nitalegeza sehemu nne mimi mwenyewe, mahali nijuapo mimi. Mashine ikishinda, wataileta, na Pua tutamtafutia kazi nyingine kama ipo. Pua akishinda, mashine inarudi ilikotoka na hatutaki kusikia habari yake tena."

Watu wakapiga makofi, wakapiga mbinja. Lusweti akanitazama. Mimi nikapiga chafya.

Ijumaa uwanja ukafagiliwa mara mbili, kila mtu akasubiri mzungu. Akaja kijana Mwafrika, mpole, amevaa sweta ya kufumwa na mama yake, anaitwa Injinia Gordon. Akafungua sanduku, akatoa kitu kama mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, chenye jicho mbele na kidirisha cha kuchungulia nyuma, na betri ya kufunga kiunoni. Kikawashwa kikaanza kunguruma polepole. Chenye joto kinaonekana cheupe, akasema, chenye baridi kinaonekana cheusi.

Hakufika mbali. Watu walitaka kujiona! Yawa, ile siku! Kila mtu anasukuma mwenzake. Msichana wa ofisi akaambiwa pua yake ni nyeusi kwa baridi, akatoka mbio kuifunika kwa skafu. Bwana Obura alipochunguliwa, tumbo likawaka kama taa ya lori, tukauma midomo. Halafu akaja Jackton, dereva wa lori, akapiga pozi, mkono kiunoni. Gordon akachungulia. Akachungulia tena. Akasema, "Ndugu, kwani hapo kifuani una nini? Kuna miviringo miwili inang'aa."

Jackton akageuka rangi. Nilifika kabla hajafunga zipu. Chapati! Chapati zangu mbili, zimetoka kwenye kikaango sasa hivi, amezificha ndani ya ovaroli! Miezi sita nilikuwa nakosa chapati mbili kila Ijumaa, miezi sita nilikuwa namshuku paka. Nilimkimbiza Jackton kuzunguka tangi kubwa mara tatu na uwanja mzima ukishangilia, na Gordon akitufuata na kamera, akicheka mpaka machozi. Hiyo mashine nikaipenda saa ile ile, nakwambia ukweli.

Ilimchukua Obura nusu saa kutuliza watu. Mashindano yakaanza.

Gordon alitangulia. Akapita na mashine yake taratibu, anachungulia huku, anachungulia kule. Akapata ya kwanza kwenye valvu ya pampu, ya pili kwenye mtungi mmoja katikati ya mitungi hamsini, ya tatu kwenye kiungo cha bomba la juu. Ya nne akaikosa. Alizunguka mara mbili, akakubali kushindwa, akiwa bado anatabasamu.

Zamu ya Lusweti. Akainama, mikono mgongoni. Mimi nyuma na thamosi, roho mkononi. Ya kwanza ilikuwa imelegezwa sana, hata nusu ya pua yangu ikaipata. "Chai iko tayari!" Chaki. Ya pili ikanisumbua, nikavuta hewa mpaka kichwa kikazunguka, nikaipata. Ya tatu nikaipata kwa bahati. Watu walishaanza kuimba, "Pua! Pua!" Ya nne, sikusikia kitu. Tulipita pampu, tulipita mizani, tulipita tangi. Hakuna kitu! Pua imeziba kabisa. Basi nikainua macho nikamtafuta Obura, nikaona jicho lake limeganda kwenye kona ya nyuma ya tangi, chini, mahali palipozibwa na nguzo. Mtu mwenye siri hawezi kuacha kuitazama.

"Chai iko tayari," nikasema.

Lusweti akapiga magoti, akavuta hewa kwa madoido, akapiga chaki nyuma ya nguzo. Fundi akapaka sabuni. Povu likachemka.

Mbingu ikaanguka! Wakamnyanyua Lusweti juu juu, wakamzungusha uwanja mzima. Obura anacheza, tumbo linacheza, tai iko begani. "Mashine irudi!" anasema. "Funga sanduku, kijana wangu, funga uende! Waambie makao makuu sisi tuna Pua!" Na mimi nilikuwa naruka kama mtoto, thamosi mkononi, chai inamwagika, sijali. Mtu wangu ameshinda. Watoto watano wa Mowlem watakula.

Wakapita naye karibu yangu. Akainama kutoka mabegani mwa watu, akaniuliza sikioni, "Ile ya nne ilikuwa inanuka sana, eh?"

Na mimi mjinga, kwa furaha nikamjibu, "Kunusa wapi! Nina mafua tangu Jumapili. Nilimwona Obura akipaangalia."

Uso wake ukabadilika. Nikamwona akigeuza shingo, akiwaangalia wale watu waliombeba, akiangalia tangi, akiangalia Gordon anapiga magoti kufunga sanduku. Tangu Jumapili, alikuwa anahesabu. Siku tano uwanja mzima bila pua yoyote.

"Niteremsheni," akasema.

Wakazidi kuimba.

"Niteremsheni! Mimi sinusi! Sinusi kitu tangu mwaka wa tisini na tatu!"

Wakaanguka kwa kicheko. Walidhani ni madoido ya mshindi. Jackton akasema, "Pua amelewa sifa!" Lusweti akapiga kelele tena, wakacheka zaidi. Mtu anasema ukweli wa kumpotezea kazi, na watu wanashika mbavu. Akajitupa chini mwenyewe, akaanguka na magoti, akainuka, akaangaza huku na huku.

Sasa, Ijumaa ndiyo siku ya matumbo. Mursal, muuza nyama wa Kiamaiko, huniletea ndoo ya matumbo ya mbuzi, na hiyo siku alikuwa amefika akawa amesimama getini anaangalia sinema ya bure, ndoo miguuni. Matumbo ambayo hayajaoshwa. Hata inzi huyafikiria mara mbili. Lusweti akaenda moja kwa moja, akaondoa kifuniko, akatumbukiza uso ndani mpaka masikioni, akavuta hewa. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Walio karibu waliruka nyuma wameziba pua. Mmoja alitapika kwenye mtaro.

Akainua uso, unachuruzika. "Semeni nyinyi," akasema. "Hii inanuka nini?"

Hakuna aliyecheka tena.

Obura akaja polepole. "Nani alikuwa akinusa?" Lusweti hakunitazama hata. Nikasogea mbele mwenyewe. "Mimi," nikasema. "Na wiki hii hata mimi sinusi."

"Miaka mitatu," akasema Obura. Sauti ya kanisani ilikuwa imekwisha. "Watu arobaini, miaka mitatu. Lusweti, chukua vitu vyako utoke. Na wewe, mama, nitakuona baadaye."

Nilikasirika! Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki. Nikamwambia, "Toka na wewe basi, uliyetaka kurudisha mashine ili ujisifu kwa mdomo mpana!" Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Jackton akanishika mkono akanirudisha nyuma.

Lusweti alikuwa tayari anavua ovaroli. Ndipo Gordon akaongea, kwa upole wake. "Bwana meneja, naomba azunguke na mimi mara moja kabla hajatoka. Hii kamera inaona pale ninapoielekeza tu. Ile ya nyuma ya nguzo niliikosa kwa sababu sikujua kuna bomba. Yeye anajua."

Obura akapunga mkono, kama kusema fanyeni mnavyotaka.

Gordon akamfunga Lusweti betri kiunoni, akampa kamera mkononi, akamwonyesha pa kuweka jicho. Na unajua Lusweti alifanya nini? Akainama! Mkono mmoja mgongoni, kamera usawa wa magoti, akaanza kuzunguka vile vile, jicho moja limefumbwa. Kuna mtu alicheka puani, halafu wawili, halafu sote tukawa tunacheka tena, hata wenye machozi. Mimi nikarudi kantini kuwasha moto, maana chai ya watu arobaini haijipiki. Nikachochea makaa, nikainjika sufuria kubwa.

Haya mengine Gordon ndiye alinisimulia. Walifika nyuma ya tangi, Lusweti akasema, "Kuna bomba la zamani hapa. Nililizika kwa mkono wangu mwaka wa sabini na tisa, linakwenda kwa banda lililobomolewa. Valvu yake ilifungwa." Akaelekeza kamera chini. Udongo mtupu, kwa jicho la kawaida. Kwenye kile kidirisha kulikuwa na mstari mweusi, mweusi tititi, unatambaa kutoka kwenye tangi kwenda ukutani. Lusweti akaufuata. Ukaingia chini ya ukuta.

Mimi nilisikia tu sauti. Sijawahi kusikia mtu akipiga kelele namna ile.

"Mama Clare! Zima moto! Zima moto!"

Nikainua kichwa, nikamwona anatokea getini mbio na kamera mikononi na waya unaburuta. Sikuuliza. Nikashika ile sufuria kwa mikono mitupu nikaimwaga yote jikoni, chai, maziwa, sukari, kila kitu. Mvuke ukapanda mpaka kwenye mabati. Nikakimbia upande aliko.

Walifukua saa hiyo hiyo, kwa majembe ya mbao ili chuma kisigonge jiwe. Kiungo kilikuwa futi moja chini ya ardhi, hatua mbili kutoka jiko langu. Kilikuwa kimefunikwa na barafu nyeupe. Fundi akapaka sabuni, na lile povu, Mungu wangu, lilitoka kama sufuria ya uji ikifurika. Valvu ya zamani ilikuwa haifungi kabisa, na upepo wa Julai ndio ulikuwa ukibeba ile gesi kuelekea mtaroni. Siku upepo ukitulia, jiko likiwaka, basi.

Bwana Obura alikaa kwenye kigoda changu bila kuombwa. Halafu akamwambia Gordon, "Sanduku libaki." Akamtazama Lusweti, aliyesimama amebeba kamera kifuani kama mtoto mchanga, uso bado una matumbo ya mbuzi. "Na wewe ubaki nayo. Oga kwanza."

Watu walishangilia mpaka walinzi wa kiwanda cha jirani wakaja kuuliza kama tumepata uhuru tena. Jackton alimbusu Mursal. Lusweti alikuwa anazunguka anamwambia kila mtu, "Nimeiona! Mimi mwenyewe, kwa jicho langu, nimeiona!" Miaka mitatu alikuwa hajapata moja kwa nguvu zake mwenyewe. Alicheka, akaruka, akamshika Gordon wa watu akamzungusha na sweta yake.

Halafu akanifikia mimi. Akaangalia viganja vyangu vilivyoungua na sufuria. Kicheko kikamwishia.

"Mama Clare," akasema, "mimi umeninusia miaka mitatu. Wewe nani alikuwa anakunusia?"

Siku tano nilikuwa nawasha moto juu ya kile kitu, naimba nyimbo zangu, nakanda chapati. Machozi yakanitoka, na yeye yakamtoka, tukakaa chini pale kwenye vumbi na matope ya chai, watu wazima wawili, tunalia na kucheka, na kiwanda kizima kikakaa siku ile mpaka jioni bila chai.